Jambia Lisilozuia Risasi

Sehemu ya Sita

Waliokosa gazeti la wiki iliyopita nawapa pole, ingawa hawakukosa jema lolote. Mafuriko ya Bwaise yaliingia dukani kwangu yakazamisha saa za watu. Kabla sijamaliza kuzikausha, mkwe wangu Saverio Obwona, sajini wa polisi, Mwacholi, mume wa binti yangu wa pekee, akakamatwa sokoni Kalerwe mchana kweupe, akatiwa kwenye buti ya Peugeot. Watu waliokuwa wakinunua maharage waliinama wakaendelea kuchagua maharage.

Mimi ni Uthman bin Abubakar, fundi wa saa. Babu yangu alifika Buganda na msafara wa biashara kutoka pwani, akaoa, akazikwa hapa. Nina ugonjwa mmoja ambao mke wangu Salme anauita mke mwenza: nakusanya majambia ya kale ya Ufilipino.

Niliwaacha pale Mugisho alipobisha hodi.

"Mzee Uthman, iko habari," alisema, akakaa bila kukaribishwa. Mugisho ni Mkongo, mchuuzi wa sukari ya magendo, mtu anayeingia kambini na kutoka kama anaingia jikoni kwake. "Mukwe yako iko muzima. Miye mwenyewe nilimuona na macho."

Binti yangu Rahima akatoka chumbani mbio, mtoto mgongoni.

"Yuko wapi?"

"Iko kwa Meja Marjan. Anafagia kambi. Benzake balishaenda. Yeye bado."

Hakusema wenzake wameenda wapi, na hatukumuuliza. Mwaka ule wa sabini na saba, Mwacholi au Mlangi wa kaskazini aliyevaa sare akichukuliwa, jamaa zake walianza kuzungumza juu yake kwa sauti ya chini, kama watu waliotoka mazikoni.

"Huyo Meja anataka nini?" Salme akauliza. Mke wangu hana subira na utangulizi.

Mugisho akanitazama mimi.

"Anataka ile kisu ya kupinda-pinda kama nyoka."

Nilijua ni lipi, na nilijua nani amemwambia. Masika yale mvua ilimkwamisha Mugisho dukani kwangu, nami nikamtolea majambia yangu ili muda upite. Nikamsimulia kwamba huko visiwani watu wa zamani waliamini jambia la namna ile humkinga mwenyewe na risasi. Mimi nilisema "waliamini". Mugisho alisikia "humkinga".

"Meja hapati usingizi," Mugisho akaendelea. "Barafiki yake banapigwa risasi kila wakati, hawajui nani anabapiga. Anasema akipata ile kisu, atalala. Lakini anataka na historia yake. Anasema kisu bila historia ni ya kukata nyama."

"Na Obwona?" Rahima akauliza.

"Kisu inaingia, mutu inatoka."

Salme akacheka kicheko cha mtu aliyechoka. "Miaka yote nakuambia Baba Rahima, uza hayo machuma. Leo namshukuru Mungu kwamba una kichwa kigumu."

Mugisho akaondoka. Rahima akashika mikono yangu miwili.

"Baba, utampa?"

"Nitampa, mwanangu."

"Basi mbona umenyamaza?"

Sikuwa nalionea jambia uchungu. Nilichokuwa nakiwaza ni hiyo historia, kwa sababu historia yake ya kweli nilikuwa naijua, na haikuwa ya kumpelekea mtu anayeogopa risasi.

Nivumilieni niieleze, la sivyo hamtajua kwa nini niliogopa kuingia kambini.

Vita vile vya Wajapani vilinikuta Burma, askari wa Mfalme Joji. Niliumia mguu, nikapelekwa hospitali Kolombo. Kwenye kitanda cha pembeni yangu alilala Mfilipino, mtia makaa wa meli, ameungua kifua kizima. Hatukuwa na lugha moja. Alikuwa na jambia dogo chini ya mto, na kwa jambia hilo alinimenyea machungwa, kwa sababu mimi mikono ilikuwa ikitetemeka kwa homa. Alipokufa, nesi aliniletea lile jambia. Alisema mgonjwa alininyooshea kidole.

Mtu akikupa kitu akafa bila kukuambia hata jina lake, unabaki na swali. Nilirudi Kampala na swali langu. Nilitaka kujua vitu vile hufuliwa wapi, na nani, na kwa nini mpini umechongwa kama mkia wa samaki. Karani mmoja wa Kigoa alipofukuzwa pamoja na Wahindi mwaka wa sabini na mbili, aliniachia jambia lake. Babu yake aliwahi kuwa mpishi katika meli za Manila.

Hilo la kupinda-pinda nililipata kwa padri Mholanzi. Alikuwa ametumikia visiwa vile ujanani kabla ya kuhamishiwa Uganda. Niliitengeneza saa ya mnara wa kanisa lake, nikakataa malipo, naye akanipa jambia. Alilinunua sokoni huko, kwa mama mmoja aliyeuza vyuma chakavu. Zaidi ya hapo hakujua kitu.

Kwenye ukanda wa fedha unaoshika mpini palikuwa na maandishi. Herufi ni za Kiarabu, lakini lugha siyo. Palikuwa na herufi ya pe, yenye nukta tatu, ile ile aliyokuwa akiandikia babu yangu barua zake za Kiswahili. Niliweza kuyasoma maneno yale. Nilichoweza kuelewa ni hewa tupu.

Mwaka mmoja kabla ya balaa hili, alifika Mulago daktari wa watoto, Mfilipino, Perpetua Magbanua. Alileta saa yake dukani. Nilipojua kwao ni wapi, niliacha saa, nikamletea jambia.

"Mimi Mkristo, wa kisiwa kingine," alisema. Tuliongea Kiingereza changu cha jeshini na Kiswahili chake cha wodini. "Hii ni ya Waislamu wa kusini. Maandishi siwezi."

"Mimi nitasoma. Wewe sikiliza tu."

Basi nikasoma. Nilijaribu irabu hii na ile, nikavuta, nikafupisha. Alikaa amefumba macho kama mtu anayesikiliza mapigo ya moyo.

"Rudia hapo," alisema. "*Ini*. Kwetu pia ni hivyo. Maana yake, 'hii'."

Nikarudia.

"*Anakku*. Mtoto wangu."

Nikasoma neno la mwisho, lile lenye pe. *Patay.* Daktari akafumbua macho, akaziba mdomo kwa mkono.

"Amekufa," alisema. "Baba yake ndiye aliyeandika. Hii ni ya mtoto wangu aliyekufa."

Tukaafikiana kwamba lilikuwa kiunoni mwa kijana huyo alipouawa. Halikumkinga na kitu. Baba yake alilipokea, akalivika fedha ya msiba, na baada ya miaka watu wengine wakaliuza pamoja na misumari.

Wiki nzima nilitembea kwa furaha kama mtu aliyepata mjukuu. Salme akaniambia, "Umefurahia matanga ya watu." Alikuwa na haki. Lakini nani mwingine duniani alikuwa akimkumbuka yule kijana?

Sasa turudi kwa Meja.

Asubuhi iliyofuata nilifunga jambia kwenye leso ya Salme. Rahima alinisindikiza mpaka barabarani.

"Baba, mwambie chochote anachotaka kusikia."

"Hata uongo?"

"Hasa uongo."

Kambi ile sitaitaja jina. Langoni askari mmoja alinitazama kuanzia kofia mpaka viatu.

"Wewe Mzee nataka nani?"

"Meja Marjan. Ameniita."

"Watu hapana kuja hapa na mguu yao," alisema. Hakuwa na ukali. Alikuwa ananishangaa tu.

Nilitegemea kukutana na jitu. Nikamkuta mtu mwembamba, amekaa kwenye kiti cha mbao nyuma ya bohari, macho mekundu, akinywa chai isiyo na sukari. Alikuwa amekaa pale ambapo ukuta ulimkinga mgongo. Nilipopita nikagonga kopo, likaanguka. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye bastola kabla kopo halijatulia.

"Ni kopo, afande," nilisema.

"Najua ni kopo," alijibu. Jasho lilikuwa limemtoka.

Nikafungua leso. Alilichukua jambia taratibu, akalichomoa kwenye ala, akafuata mipindo ya chuma kwa kidole. Namjua mtu anayependa kitu. Alikuwa anakipenda.

"Ilikuwa ya nani?"

Wasomaji wangu, niliufungua mdomo kusema kweli. Kisha akilini nikamwona Rahima pale barabarani na mtoto mgongoni.

"Ilikuwa ya sultani, afande. Sultani wa visiwa vya kusini. Alipigana na Wahispania mpaka nywele zikawa nyeupe. Walimmiminia risasi, hakuna iliyomgusa. Alikufa kitandani, kwa uzee."

"Kitandani?"

"Amelala usingizi."

Neno "usingizi" lilimwingia kama dawa. Nililiona likishuka.

"Hapa imeandikwa nini?" Akaweka kidole kwenye ukanda wa fedha, akaanza kusoma herufi kwa shida, kama alivyofundishwa chuoni utotoni. "Hii si Kiarabu."

"Ni lugha yao, afande. Inasema, hii humlinda mtoto wa sultani."

"Nani alikwambia wewe?"

Hapo ndipo nilipoteleza. Mwongo mzuri hunyamaza mapema. Mimi sina mazoezi.

"Kuna daktari Mulago, mwenyeji wa huko. Tulisoma maandishi haya pamoja."

Maneno yalikuwa yameshatoka. Meja akaitikia kwa kichwa polepole, ameridhika, akamwita askari.

"Lete yule Mwacholi."

Nikajiambia, imekwisha, saa sita tutakuwa nyumbani.

Obwona alikuja bila viatu. Shati la polisi lilibaki kifungo kimoja. Alikuwa mtu wa kujaza mlango, sasa alipita na nafasi ikabaki. Aliponiona, aliinamisha macho.

"Shikamoo, baba," alisema, salamu aliyojifunza kwetu alipokuja kuposa.

"Marahaba, mwanangu."

Meja akasimama. Akachukua kamba, akamfunga Obwona lile jambia kiunoni, yeye mwenyewe, kwa mikono yake. Akalirekebisha likae sawa, akavuta shati juu yake, kama mama anayemvisha mtoto nguo ya Idi.

"Peleka kwa ukuta," akamwambia askari.

Sikuelewa. Kwa hakika sikuelewa mpaka nilipomwona askari mwingine akikoki bunduki.

"Afande?"

"Mimi si mjinga, Mzee," Meja alisema. "Dawa inajaribiwa kwanza. Ikizuia risasi, mkwe wako anaenda nyumbani, mimi nabaki na kisu. Ikikosa kuzuia, wewe ni mwongo, na wewe unamfuata."

Nilipiga magoti. Umri ule, mguu ule wa Burma, nilianguka chini kama gunia.

"Afande, nimesema uongo! Hakuna sultani! Ilikuwa ya kijana tu, mtoto wa mtu, akauawa nayo kiunoni! Ndivyo ilivyoandikwa, wallahi! Haizuii kitu!"

Meja alinitazama. Halafu akacheka.

"Umeona?" akawaambia askari wake. "Kwanza ilikuwa ya sultani. Sasa imekuwa ya mtoto wa mtu. Ameona naitaka kweli, sasa anataka kuiharibu jina nimrudishie. Nyinyi watu wa duka tunawajua. Sabuni iko chini ya meza, mnasema sabuni imekwisha."

"Afande, naapa."

"Unaapa sasa. Mbona kwanza hukuapa?"

Kweli yangu ilichelewa kufika, ikakuta uongo wangu umeshakaa kwenye kiti.

"Baba, simama," Obwona alisema kutoka ukutani. Sauti yake ilikuwa tulivu. "Usipige magoti kwa ajili yangu. Mwambie Rahima nilikuwa nimesimama."

"Afande, tupige?" askari akauliza.

Meja alikuwa akitafuna mdomo wa chini. Uongo wangu na kweli yangu vilikuwa vikipigana ndani ya kichwa chake, na yeye hakuwa amelala siku nyingi.

"Ngojeni," alisema. "Leteni ule daktari ya Mulago."

Gari likaondoka. Hapo nilitamani ardhi inimeze. Nilikuja kumtoa mtu mmoja, na sasa nilikuwa nimemwingiza mwingine, mwanamke mgeni aliyenisaidia kusoma maneno matatu.

Jua lilipanda. Obwona aliachwa pale pale ukutani. Meja akarudi kwenye kiti chake, akanionyesha nikae chini karibu naye.

"Zamani mimi nalala kama jiwe," alisema ghafula. "Hata mvua ikinyesha juu yangu. Sasa nikifunga macho nasikia mtu anafungua mlango. Nafungua macho, hakuna mtu. Wewe unalala, Mzee?"

"Nilikuwa nalala, afande. Mpaka mlipomchukua mkwe wangu."

Alinikazia macho, nikadhani nimekwisha. Lakini aliitikia tu kwa kichwa, kana kwamba tu watu wawili wanaougua maradhi mamoja.

Gari likarudi. Daktari Perpetua alishuka na koti lake jeupe, mkono mmoja wa koti umetapakaa dawa ya zambarau wanayopaka watoto vinywani. Inaonekana walimtoa wodini bila kumpa nafasi ya kunawa.

"Wewe, Mzee," Meja aliniambia, "ukifungua mdomo wako, huyu wa ukutani hasubiri."

Nikaufunga. Sijawahi kufunga kitu kwa nguvu vile.

"Daktari," Meja alisema, "huyu Mzee unamjua?"

"Namjua. Alitengeneza saa yangu."

"Kuna kisu ya kwenu. Mlisoma pamoja. Nataka wewe useme mbele yangu: inazuia risasi ama haizuii?"

Fikirini mahali alipowekwa. Akisema haizuii, mimi ni mwongo wa asubuhi, tumekufa wawili. Akisema inazuia, bunduki italia, na Obwona atakuwa ushahidi. Wala hakujua nimeshasema nini.

Daktari aligeuka. Alitazama huku na huku. Akaniona mimi nimekaa mavumbini. Akamwona askari na bunduki. Akamwona Obwona, na chini ya shati lake, mpini.

Nilimwona akielewa. Uso haukubadilika, ila mkono wenye zambarau ulijikunja ngumi.

"Nani amemfunga huyu mtu jambia?" aliuliza.

"Nakuuliza wewe, si wewe kuniuliza mimi."

"Nauliza kwa sababu ni hatari kubwa. Nani amefunga?"

Alisema kwa sauti ile ya daktari anayeuliza mtoto amekunywa nini. Hata askari wakatazamana.

"Mimi," Meja alisema.

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono yangu. Kwa nini?"

Daktari akavuta pumzi, akafanya ishara ya msalaba. Mpaka leo sijui kama alikuwa akiigiza au akiomba.

"Kwetu jambia hili halijaribiwi," alisema. "Linamlinda yule aliyepewa na mwenyewe, kwa moyo safi. Likichukuliwa kwa nguvu, halimlindi mtu. Na likifungwa kwa mtu ili lijaribiwe, damu yake ikimwagika, linamfuata aliyefunga kamba."

Nje ya ukuta gari lilipita likibadilisha gia.

Meja alikuwa anatazama viganja vyake.

"Hata kama si mimi nimepiga?"

"Linaijua kamba. Haliijui bunduki."

"Weka chini," Meja akamwambia askari haraka, maana yule alikuwa bado ameshika bunduki ikimwelekea Obwona. "Weka chini, wewe! Hujasikia?" Kisha akamgeukia daktari, na sauti ikashuka. "Sasa mimi nifanye nini?"

"Mfungue wewe mwenyewe. Umwache aende salama. Halafu mzee akukabidhi kwa hiari yake."

Meja akaenda ukutani. Fundo likamshinda, akainama akalifungua kwa meno. Mtu mwenye cheo begani alipiga goti mbele ya mkwe wangu, na hakuna askari aliyethubutu kupumua. Kamba ilipoachia, akarudi nayo na jambia, akaviweka vyote mikononi mwangu.

"Nipe, Mzee," alisema. "Nipe vizuri."

Nilisimama. Nikalishika jambia la mtoto wa yule baba nisiyemjua, na moyoni nikamwomba radhi marehemu kwa kumtoa mikononi mwangu. Kisha nikamkabidhi Meja kwa mikono miwili.

"Nimekupa, afande. Kwa moyo wangu."

"Safi?"

"Safi."

Alilifunga kiunoni, akavuta pumzi ndefu, mabega yakashuka. Kwa mara ya kwanza nilimwona ana umri wa mtu wa kawaida, si zaidi ya miaka arobaini.

"Rudisha daktari kwa watoto wake," akaamuru. Daktari Perpetua alipita mbele yangu bila kunitazama. Alipofika garini nilimwona ameegemea mlango, askari akamfungulia kwa heshima kama mke wa mkubwa.

"Na wewe, Mwacholi, nenda. Nenda kabla sijakumbuka kabila yako."

Obwona hakusogea. "Na baba?"

"Twende wote," nilimwambia, nikaanza kuokota leso.

"Mzee," Meja aliita. "Ngoja kwanza. Nafikiri kitu."

Alikuwa amesimama, mkono juu ya mpini, uso umekunjamana kama mtu anayefanya hesabu ya shule.

"Umenipa kwa moyo safi. Nakubali. Lakini wewe utakwenda nyumbani. Utalala, utaamka, utakumbuka haya ya leo. Utaona mkwe wako vile amekonda. Moyo utabadilika. Utakaa huko Bwaise ukinilaani, na mimi huku risasi inaingia."

"Sitakulaani, afande."

"Nitajuaje?"

Daktari alikuwa ameshaondoka.

"Basi wewe unakaa na mimi," alisema, ameridhika na hesabu yake. "Mahali nakwenda, unakwenda. Nakula, unakula. Nataka kuuona huo moyo kila siku."

"Baba, siondoki," Obwona akasema.

"Utaondoka," nilimjibu. "Mke wako yuko barabarani anakungoja na mtoto. Unataka nimwambie nini, kwamba nilikutoa ukarudi mwenyewe?"

"Nitamwambia nini mimi?"

"Mwambie baba amepata kazi."

Alitaka kucheka, kikamtoka kilio. Akageuka, akaenda lango lile lile nililoingilia mimi, miguu peku, akishika shati lake lisilo na vifungo. Askari wa langoni akamwangalia akipita, kisha akanitazama mimi, kama mtu aliyehesabu kuku akakuta idadi imetimia.

Gari la Meja likaletwa. Nyuma yake likaja la walinzi, askari wamejaa na bunduki zimetazama pande zote, kama alivyokuwa akitembea kila siku tangu rafiki zake waanze kuuawa.

Meja akaingia, akanivuta nikae karibu naye, bega kwa bega. Kisha akatoa kichwa dirishani.

"Nyinyi wa nyuma, teremkeni! Bakieni kambini!"

"Afande?" mkubwa wa walinzi akauliza. "Tunapita mjini katikati."

"Nimesema teremkeni. Kuanzia leo mimi sihitaji bunduki ya mtu."

Wakateremka, mmoja mmoja, wakitazamana. Meja akashusha vioo vyote vya gari, upepo ukaingia. Akaegemeza kichwa kwenye kiti, akafumba macho.

"Dereva, pita polepole," alisema. "Nataka wanione."

Lango likafunguliwa, tukatoka.